Paka si Ng'ombe Mdogo

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu likizo ya Agosti. Najua kuna watakaosoma mada yangu na kuangua kicheko. Wenzangu wameandika juu ya dawa za kulevya, juu ya misitu, juu ya wizi wa mitihani, nami naja na viroboto wa paka! Chekeni tu, lakini someni.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili bila shaka mnaukumbuka mjadala wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa "Dawa za asili ni bora kuliko dawa za kisasa." Mimi nilikuwa mzungumzaji wa pili katika upande wa kuunga mkono. Nilisimama kifua mbele nikasema kwamba babu zetu waliishi miaka na mikaka bila duka la dawa, na kwamba kitu cha asili hakimdhuru mtu wala mnyama. Nikatoa mfano wa paka wa nyumbani. Nikasema viroboto wake huondolewa kwa majivu na mafuta ya taa, basi, hakuna haja ya kumsumbua daktari. Ukumbi ulivuma kwa makofi. Tulishinda kwa kura nyingi na mwalimu mlezi akatuzawadi kila mmoja wetu kalamu. Kalamu hiyo ndiyo ninayoandikia maneno haya, na maneno haya yanapinga yale niliyoyasema siku ile.

Kusema kweli, siku ile sikuwa nimewahi kumwondoa kiroboto hata mmoja kwa mkono wangu. Nilikuwa nimesikia tu watu wakisema.

Nyumbani kwetu, upande wa Molo, tulikuwa na paka wawili. Kulikuwa na Sukari, jike mweupe mwenye doa la hudhurungi mkiani, na mwanawe Karani. Karani tulimwita hivyo kwa sababu kila ninapofungua daftari kufanya kazi ya ziada, yeye huja kulikalia kama karani wa ofisi. Sukari alikuwa mwindaji hodari. Tangu aje kwetu, magunia yetu ya mahindi hayakutobolewa tena na panya. Usiku wa baridi wote wawili walilala jikoni kando ya moto, juu ya gunia kuukuu.

Likizo ya Agosti ilipoanza, ndugu yangu mdogo wa miaka minne akawa anaamka na vipele miguuni, hasa kwenye vifundo. Alijikuna mpaka akatoka damu. Mama alipotandua shuka la kitanda, hamadi! Kitu cheusi kidogo mfano wa punje ya wimbi kikaruka na kutoweka. Mama hakutaka maelezo. Alisema, "Nikiona kiroboto kitandani mwangu tena, hao paka watatoka hapa ndani ya gunia." Upande wetu kila mtu anajua maana yake. Paka hutiwa guniani usiku, akapelekwa soko la mbali na kuachwa huko.

Nikakimbilia kwa Nyanya. Nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, hilo si jambo la kukunyima usingizi. Mpake majivu, asipopona chovya kitambaa kwenye mafuta ya taa umpanguse." Nilianza na Karani. Majivu aliyakung'uta mwilini yote akanijaza mimi. Kesho yake nikachukua kitambaa cha mafuta ya taa nikampangusa mwili mzima, nikijiona daktari. Jioni ngozi ya tumbo na ya kwapani ilikuwa nyekundu kama iliyounguzwa. Alijilamba, akatokwa na mate, akakataa maziwa siku mbili. Viroboto walipungua siku moja. Siku ya tatu walirudi wote, wamekuja na jamaa zao.

Hapo ndipo Baba alipoingilia kati. Jumamosi alirudi kutoka mjini na chupa ndogo ya soda yenye dawa nyeupe kama maziwa. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo alikuwa amempimia kutoka kwenye mtungi mkubwa. Maagizo yalikuwa ya mdomo: kifuniko kimoja kwa beseni moja la maji. "Inaua kupe, chawa, viroboto, kila kitu," Baba aliambiwa. "Ya ng'ombe, ya mbwa, ya paka, yote ni hiyo hiyo."

Niliyemwogesha Sukari ni mimi. Siandiki kwamba tulimwogesha, kwa maana nilikuwa peke yangu uani saa kumi jioni na nilijisifu nilivyomshika asinipare. Karani, ambaye alikuwa hajasahau mafuta ya taa, aliona beseni akapanda juu ya paa na kukataa kushuka. Sukari hakuwa na sababu ya kunishuku.

Saa mbili usiku masikio yake yakaanza kucheza yenyewe. Kisha miguu. Kisha mate yakamtoka na mwili wote ukawa unatetemeka kama mtu mwenye homa kali ya malaria, hauachi. Tulimpa maziwa kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema, kwamba maziwa huvunja sumu. Hakuweza kuyameza. Mama, ambaye wiki ile ile alikuwa anatafuta gunia, alimfunga katika leso yake akakaa naye mekoni. Kabla ya jogoo la kwanza Sukari alikuwa amekufa. Ndugu yangu aliuliza kama alikuwa anasikia baridi.

Jumatatu daktari wa mifugo alikuja kwa jirani kumtazama ng'ombe. Nilimngoja langoni na chupa yangu mkononi. Aliigeuza huku na huku, akainusa, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa unataka nisome nini? Hapa pameandikwa soda."

Maneno hayo yaliniuma kuliko angeniita mjinga. Mpaka leo hatujui kwa hakika ndani ya chupa ile mlikuwa na nini. Daktari alisema dalili nilizomweleza zinafanana sana na za paka aliyepakwa permethrini, dawa inayouzwa sana kwa mbwa na kwa mifugo. Mbwa huistahimili vizuri. Ng'ombe pia. Paka hawezi. Ini la paka halina vya kutosha vile vimeng'enya ambavyo ini letu na la mbwa hutumia kuvunja sumu za namna hii, kwa hiyo dawa hukaa mwilini mwake ikiwasha mishipa ya fahamu mpaka anaanza kutetemeka. Tena paka hujilamba tangu asubuhi hadi jioni. Chochote unachompaka ngozini, jihesabu umempa anywe. Hata kidonge kimoja cha panadol kinaweza kumuua kwa sababu ya ini hilo hilo, na najua nyumba ambako paka akiugua hupewa nusu "kama mtoto".

Nikamuuliza daktari ningefanya nini usiku ule. Alinijibu kwamba mara tu nilipoona masikio yanacheza ningemwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaitoa dawa yote manyoyani, nikamkausha na kumfunga apate joto, halafu nitafute daktari usiku huo huo. Maziwa hayakuwa na kazi. Naandika hayo hapa makusudi, maana kuna mwenzangu ambaye yatamfaa.

Basi, turudi kwenye mjadala wetu. Mtu wa upande wa kupinga anaweza kuninyoshea kidole: "Umeona? Mafuta ya taa yako ya asili yalimuunguza Karani!" Na mtu wa upande wangu wa zamani atajibu, "Na dawa yenu ya kisasa ikamuua Sukari!" Wote watapigiwa makofi na wote watakuwa hawajasema kitu. (Halafu hata sijui ni nani aliyetudanganya kwamba mafuta ya taa ni kitu cha asili. Yanatoka kiwandani kama dawa nyingine yoyote, ila tu Nyanya ameyazoea.) Maoni yangu leo ni kwamba hoja yenyewe tuliipanga vibaya. Tulipaswa kuuliza: dawa hii imepimwa kwa mnyama gani, kwa kiasi gani, na nani ameandika hayo mahali ninapoweza kusoma?

Chukueni mfano wa pareto, zao la kwetu kabisa. Nyanya aliilima miaka mingi. Ananiambia walikuwa wakichuma maua yale meupe kwa mkono, ua moja moja, wakayaanika, na yaliyobaki waliyatwanga wakanyunyiza unga wake chini ya vitanda. Viroboto walikwisha. Pareto iliingia nchini mwaka 1928, na kufikia miaka ya 1980 Kenya ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia. Baadaye malipo yakawa yanachelewa, wakulima wakang'oa wakapanda viazi, Nyanya akiwa mmoja wao, na wanunuzi wakageukia kisiwa cha Tasmania huko Australia. Siku hizi wako wanaoirudia.

Sasa sikilizeni. Sumu iliyo katika ua la pareto huitwa pairethrini. Huwashambulia wadudu katika mishipa ya fahamu, na jua likiipata huharibika upesi, ndiyo sababu haikai sana. Wanasayansi wa Uingereza waliiga umbo lake wakatengeneza dawa isiyoharibiwa na jua haraka namna hiyo, na mwaka 1973 wakaitangaza permethrini. Yaani dawa inayoshukiwa kumuua Sukari ni mtoto wa ua la shamba la Nyanya! Ndugu zake wamo hata katika neti za mbu tunazolalia, nazo zimeokoa watoto wengi na malaria. Tuiweke upande gani wa ukumbi? Mbaya haikuwa dawa. Mbaya ilikuwa kumpaka paka kipimo cha ng'ombe. Na hata ile pairethrini ya ua lenyewe, paka hapewi ovyo, hupewa iliyotengenezwa kwa ajili ya paka.

Baada ya hapo niliamua kumjua adui mwenyewe. Mwalimu wetu wa Biolojia alinisaidia na daktari pia, na jambo walilonieleza lilinishangaza kuliko yote. Kiroboto tunayemwona juu ya paka ni kama chembe tu ya jeshi zima. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila viroboto 100 wa nyumba, wale wakubwa wanaoruka ni kama 5 tu. Wale 95 ni mayai, mabuu na pupa, nao hawako juu ya paka hata kidogo. Wako chini ya kitanda, katika nyufa za sakafu, katika gunia la jikoni.

Jike akishanyonya damu huanza kutaga baada ya siku moja au mbili, na anaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku. Mayai hayanati. Paka akitembea yanadondoka kama chumvi kutoka kwenye kitunga. Yakianguliwa hutoka mabuu wasiopenda mwanga, hujificha gizani wakila mavi ya viroboto wakubwa, ambayo ni damu iliyokauka. Kisha buu hujifungia katika kifuko cha nyuzi, vumbi likanata juu yake, usimwone hata ukimtafuta. Humo anaweza kungoja wiki kadhaa, hata miezi, na dawa haimpati vizuri. Akihisi joto, pumzi, au mtikisiko wa mtu anayepita, anatoka akiwa na njaa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini majivu na mafuta ya taa yalishindwa, na kwa nini hata dawa ya Baba ingeshindwa kama Sukari angeishi. Sote tulikuwa tunapigana na wale watano. Na ndipo nilipoelewa ubaya wa gunia la Mama. Ukimtupa paka, wale 95 hawaondoki naye. Wanazaliwa kila siku katika nyumba isiyo na paka, na mwenye damu aliye karibu ni mtoto aliyelala. Nilimweleza Mama hivyo polepole nikiwa namsaidia kumenya viazi. Hakunijibu, lakini gunia likarudishwa ghalani.

Wala simlaumu Mama kwa kuogopa. Kiroboto si mdudu wa mzaha. Paka anapokula kiroboto wakati wa kujilamba anaweza kupata tegu, na mtoto mdogo akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya hupata tegu huyo huyo. Kitoto cha paka kinaweza kunyonywa damu mpaka kikafa. Viroboto wa panya ndio walioeneza tauni, na Nairobi yenyewe, ingali mji mchanga wa reli, ilipopatwa na tauni mwaka 1902 soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto. Hata funza wa miguuni ni wa jamii ya viroboto. Kwa hiyo anayesema "aa, viroboto ni kawaida ya paka, wacha tu" naye simkubali.

Sasa nieleze tulilofanya, maana maoni bila kazi ni kelele.

Gunia la jikoni tulilichoma. Matandiko yote yakafuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani kutwa nzima. Mabuu hukauka upesi penye jua na ukavu, kwa hiyo Nyanya, ambaye siku zote anapiga kelele kwamba godoro litolewe nje, alikuwa na haki tangu mwanzo. Hii ndiyo dawa ya asili ninayoiunga mkono kwa mikono miwili. Nilifagia kila siku, chini ya vitanda na kwenye pembe, na taka nikazitupa motoni badala ya kuzimwaga nje ya mlango. Tulisiliba nyufa za sakafu ya jikoni. Usiku tuliweka sahani ya maji ya sabuni sakafuni karibu na taa. Viroboto wanaotafuta joto huruka wakaangukia humo, na sabuni huwafanya wazame badala ya kuelea. Usiku wa kwanza nilihesabu 17. Ndugu yangu aliwahesabu tena akapata 30, lakini yeye bado anajifunza.

Karani nilimchana kwa chanuo la meno ya karibu karibu, lile la kuondolea chawa, beseni la maji ya sabuni likiwa pembeni. Ukitaka kujua kama paka ana viroboto hata kama huwaoni, mchane juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Chembe nyeusi zikianguka na kutoa wekundu, hiyo ni damu ambayo kiroboto ameinyonya akainya. Nilimletea mwalimu wa Biolojia karatasi yangu, naye akaibandika ukutani maabara. Nendeni mkaione.

Na mwisho, ndiyo, tulinunua dawa ya dukani. Daktari alituandikia jina la dawa ya matone, ile inayotiwa nyuma ya shingo mahali ulimi wa paka haufiki. Kwenye pakiti pamechorwa paka. Pameandikwa uzito wa paka, umri, tarehe ya kuharibika, na maneno ya onyo. Karani nilimpima kwenye mizani ya viazi akatoka kilo 3 na kidogo. Mbwa wetu alipewa dawa yake ya mbwa siku hiyo hiyo, kwa maana kiroboto wa paka humkalia mbwa vile vile. Kama Sukari angekuwa na vitoto vichanga, nyingi za dawa hizi zisingefaa kwao kabla hawajatimiza wiki 8, tungebaki na chanuo tu. Bei ilikuwa mara kadhaa ya ile chupa ya soda. Baba alilipa bila kusema neno.

Tunarudia kila mwezi kwa sababu ya wale pupa waliojificha. Mwezi wa kwanza bado tuliumwa. Wengi hukata tamaa hapo wakasema dawa ni bandia.

Tangu jambo hili lijulikane shuleni, wanafunzi wenzangu wamenijia kila mmoja na dawa ya kwao. Mmoja anasema limau, mwingine kitunguu saumu katika chakula cha paka, mwingine mwarobaini, kama kwa mjomba wake huko Kilifi. Niliziuliza zote kwa daktari. Kitunguu, kiwe cha maji au saumu, huharibu chembe nyekundu za damu za paka, kwa hiyo unamwongezea upungufu wa damu alioletewa na viroboto. Mafuta ya maganda ya limau na ya machungwa humdhuru. Mwarobaini una sumu ya wadudu kweli, lakini paka waliopakwa mafuta yake wamewahi kutetemeka na kutokwa na mate. Ule mmea wa harufu kali unaomea shambani baada ya mahindi kuvunwa, ambao akina mama hutandika katika viota vya kuku, yeye hana neno nao ukiwekwa chini ya kitanda. Asemacho tu ni kwamba harufu inaweza kumfukuza kiroboto lakini haiui mayai. Kuna pia ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, diatomaiti, mabaki ya vijimea vidogo mno vya majini vya zamani. Unga wake hukwaruza ngozi ya mdudu akakauka. Huo hufaa katika nyufa, ukiwa umejifunika pua na mdomo, lakini usimnyunyizie paka auvute mapafuni.

Mnaona basi kwamba hata za asili zina kipimo chake. Mimi niliyesimama ukumbini nikasema cha asili hakidhuru sikuwa nimeuliza mtu. Hata sumu ya nyoka ni ya asili!

Lakini hasira yangu kubwa si kwa vitunguu. Ni kwa ile chupa ya soda. Anayepima dawa kutoka mtungini na kuitia katika chupa isiyo na kibandiko anajua jina la kitu anachouza, ila anayekinunua hajui. Sheria za nchi hii zinataka dawa ya wadudu iuzwe na maandishi yake, na hazikuwekwa kwa kupenda karatasi. Watu watasema maskini hawezi kununua chupa nzima kwa ajili ya paka mmoja. Ni kweli, na Baba ni mmoja wao. Basi watengenezaji watoe vifurushi vidogo vyenye maandishi, na maandishi yawe ya Kiswahili ambacho Nyanya anaweza kusomewa na mjukuu wake. Hiyo pakiti yetu ya paka imeandikwa Kiingereza na lugha nyingine mbili za Ulaya. Neno la onyo nililisoma mimi na kumtafsiria Baba. Na yule asiye na mtoto wa sekondari nyumbani? Chama chetu kinashindana kila mwaka kutunga mashairi, nami nayapenda, lakini nadhani kuandika upya kwa Kiswahili maonyo ya dawa kumi zinazouzwa mjini, tukisaidiwa na daktari wa mifugo, na kuyabandika pale sokoni, ni kazi ambayo Chama cha Kiswahili kinaiweza kabisa. Mimi ninajitolea kuanza na hiyo ya matone.

Tena chupa ile ingeweza kuokotwa na ndugu yangu. Ana miaka minne na anapenda soda. Baba ameifikiria hiyo zaidi kuliko mimi. Juzi nilimkuta ameifunga ndani ya mifuko miwili na kuiweka juu ya dari, anangoja daktari apite aichukue, kwa maana hataki kuimwaga mtoni.

Mhariri, nimemwomba mwalimu mlezi aturudishie mjadala muhula wa kwanza mwakani, kwa hoja mpya: "Asiuziwe mtu dawa ambayo haina maandishi." Nimeomba niwe mzungumzaji wa kwanza, upande wa kuunga mkono. Wa kupinga wajitokeze, nitawasikiliza. Karani hajambo, manyoya ya tumbo yameota tena. Jumamosi iliyopita nilimchana kwa nusu saa nikapata viroboto wawili.